Gamba Osaka 2012: mabao 67, na bado wakashuka daraja

Msimamo wa ligi ya Japani, J1, wa mwaka 2012 nimeutumia mara nyingi kufundishia uchambuzi wa takwimu za soka, na bado unaniuma. Gamba Osaka walifunga mabao 67. Hakuna timu iliyofunga mengi zaidi, hata mabingwa Sanfrecce Hiroshima waliishia 63. Gamba walifungwa 65, kwa hiyo tofauti yao ya mabao ilikuwa chanya. Wakamaliza wa 17 kati ya timu 18, wakashuka.

Na hawakuwa timu ya kubahatisha. Walikuwa mabingwa wa Japani 2005 na mabingwa wa Asia 2008. Mwaka 2011 walimaliza wa tatu, pointi 2 tu nyuma ya Kashiwa Reysol waliotwaa ubingwa.

Sasa tazama rekodi yenyewe: ushindi 9, sare 11, vipigo 14, pointi 38. Timu iliyopoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda inabakije na mabao chanya? Njia ni moja tu: ikishinda inashinda kwa mabao mengi, ikifungwa inafungwa kwa machache. Bao la nne au la tano linapendeza macho, lakini halina pointi. Lenye pointi ni lile linalovunja sare, na hilo ndilo Gamba walilikosa mara 11.

Linganisha na Albirex Niigata, walionusurika katika nafasi ya 15 kwa pointi 40. Msimu mzima walifunga mabao 29! Hawakufika hata nusu ya mabao ya Gamba, ila walifungwa 34 tu. Sare moja ya Gamba dhidi ya timu ya juu yao ingegeuka ushindi, nao wangefika 40 na kuwapita Niigata kwa tofauti ya mabao.

Wengi wanamlaumu kocha mpya. Akira Nishino aliondoka mwisho wa 2011 baada ya misimu kumi, na mrithi wake, Mbrazili José Carlos Serrão, alifukuzwa mwezi Machi baada ya vipigo mfululizo. Masanobu Matsunami akapewa timu ikiwa tayari imelegea. Mimi naona tatizo lilikuwepo kabla yao. Mwaka 2011 Gamba walifunga 78 na kufungwa 51: kikosi kilichozoea kwamba tukifungwa mawili tutarudisha matatu. Mazoea hayo yanafaa pale tu mabao ya ushindi yanapopatikana kwa wakati. Yasuyuki Konno, beki wa timu ya taifa, alisajiliwa mwaka 2012, lakini beki mmoja hazibi nafasi inayoachwa na viungo wanaopanda wote. Katikati ya msimu alirudi mshambuliaji Leandro, akafunga mabao mengi, na timu ikazidi kuegemea mbele.

Siku ya mwisho, tarehe 1 Desemba, ushindi ugenini kwa Júbilo Iwata ungewaokoa. Walifungwa 2-1, huku Niigata wakiwapiga Consadole Sapporo 4-1. (Mashabiki wa Japani watakukumbusha habari ya Ryoichi Maeda wa Iwata: kuanzia 2007 hadi 2012, kila timu aliyoifungia bao lake la kwanza la ligi msimu huo ilishuka daraja. Mwaka 2012 ilikuwa zamu ya Gamba.) Vissel Kobe nao walishuka siku hiyohiyo. Nishino alikuwa amewafundisha msimu huo, kabla ya kutimuliwa Novemba.

Uwezo haukuwa umepotea, maana mwezi mmoja baadaye timu hii iliyoshuka ilicheza fainali ya Kombe la Mfalme, kombe la mtoano la Japani, ikafungwa 1-0 na Kashiwa.

Aliyerekebisha mambo ni kocha Kenta Hasegawa. Walishinda ligi ya daraja la pili, J2, mwaka 2013, kisha 2014 wakatwaa ligi, Kombe la Ligi na Kombe la Mfalme, Yasuhito Endo akiwa bado anaongoza kiungo na Konno akiwa amesogezwa mbele kucheza kiungo mkabaji. Katika ligi ya mwaka huo wa ubingwa walifunga mabao 59, yaani pungufu ya mwaka walioshuka. Walifungwa 31.