Je, wajua kwa nini gari la kasi Ujerumani huhitaji magurudumu ya pili, na kwa nini magurudumu hayo ni hatari Nairobi?

Oktoba iliyopita binamu yangu anayeishi Munich aliandika kwenye kundi la familia la WhatsApp kwamba anataka kununua magurudumu manne mapya ya msimu wa baridi, rimu pamoja na matairi. Gari lake ni Porsche 718 Cayman alilolinunua mkononi mwa mtu, na matairi yake hayajaisha hata nusu. Mamake, yaani shangazi yangu wa Buruburu, alimjibu papo hapo: "Mwanangu, hayo uliyo nayo yametoboka?" Wengine wakamuunga mkono. Kwa mtu wa Nairobi, tairi hubadilishwa likiwa kipara au likipasuka. Kununua seti nzima kwa sababu mwezi umebadilika kulionekana kuwa ni kuchezea pesa.

Nilimtetea binamu siku ile na bado namtetea. Nilikuwa na sababu ya kulifuatilia jambo hili kwa karibu: matairi ya aina ile ile aliyotaka kununua nusura yanitoe barabarani, hapa hapa kwetu. Nitafika huko.

Tuanze na mpira wenyewe, maana ndipo penye jibu. Chukua mafuta ya kupikia ya kopo, yale meupe. Mombasa mwezi wa Februari yanamiminika kama uji. Yalete Nairobi asubuhi ya Julai, utayachimba kwa kijiko. Mafuta ni yale yale, kilichobadilika ni joto. Mpira wa tairi una tabia hiyo hiyo. Tairi hushika barabara kwa sababu mpira laini hujibonyeza kwenye vishimo na vijiwe vidogo vya lami, ukashika, ukaachia, ukashika tena. Ukigumuka kwa baridi haujibonyezi, unapita juu juu kama kigae.

Kwa hiyo watengenezaji huchanganya mpira wa asili, mpira wa viwandani, masizi, silika (madini yaliyomo kwenye mchanga) na mafuta kwa vipimo tofauti, kulingana na joto ambalo tairi litafanyia kazi. Tairi la gari la kasi huundwa listahimili joto kali, kwa sababu mwendo mkubwa na breki za nguvu hulichemsha. Mpira wake huwa bora zaidi ukishapata moto, na baridi ndiyo adui yake. Huko Ulaya madereva hutumia kipimo rahisi cha nyuzi 7 za Selsiasi. Joto likishuka chini ya hapo, tairi la kiangazi, yaani la miezi ya joto, huanza kupoteza mshiko hata kama barabara ni kavu na hakuna chembe ya theluji. Wengi wetu hudhani tairi la baridi ni la theluji tu, na hapo ndipo mjadala wa familia yetu ulipopotea njia. Baadhi ya matairi ya michezo huja hata na onyo kwamba gari lisisogezwe kabisa joto likifika nyuzi 7 chini ya sifuri, kwa sababu mpira unaweza kupasuka nyufa. Munich usiku wa Januari kwenda chini ya sifuri ni jambo la kawaida.

Tairi la baridi lina mpira unaobaki laini kwenye baridi hiyo. Uso wake umekatwakatwa vijipasuo vyembamba kama vya wembe, mamia kwa mamia, na kila kimoja huongeza ukingo wa kung'ata. Mifereji yake nayo hubeba theluji kwa makusudi, kwa sababu theluji hushikamana na theluji kuliko inavyoshikamana na mpira. Barafu ni kesi nyingine. Juu yake huwa na utando mwembamba wa maji, na huo ndio unaotelezesha. Baadhi ya matairi ya Kijapani yana mpira wenye vitundu vidogo sana vya kufyonza utando huo ili mpira uguse barafu yenyewe.

Sasa, kwa nini anunue na rimu? Hapa binamu alinipigia simu, na tulikaa muda mrefu. Angeweza kubaki na rimu zake na kuvalisha matairi mapya kila msimu. Lakini tairi la gari kama lile lina ukuta mfupi na mgumu. Kulivua na kulivalisha mara mbili kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka, ni kulichosha pale linaposhikana na rimu, na rimu nayo hukwaruzwa. Kisha kuna chumvi. Barabara za huko humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, na chumvi hula rimu za alumini zilizong'arishwa. Rimu za pili zisizo na madoido huipokea adhabu hiyo kwa niaba ya zile nzuri.

Gari lake lilikuja na rimu za inchi 20, nami nikamshauri achukue za inchi 18 kwa ajili ya baridi. Mbele likitoka 235/35 R20 kwenda 235/45 R18, gurudumu zima hutoka kipenyo cha milimita 672 hivi hadi 669 hivi. Tofauti ni ndogo mno, kipimamwendo hakidanganyi. Rimu ndogo inafidiwa na ukuta wa tairi mrefu zaidi, na ukuta mrefu hunyonya kishindo cha shimo lililojificha chini ya theluji, jambo ambalo sisi wa Nairobi tunalielewa bila theluji. Cha kuangalia ni kwamba rimu ndogo isiguse breki. Magari ya kasi yana breki kubwa, na si kila rimu ya inchi 18 inazipitisha. Mpangilio wa boliti, tundu la katikati na kiasi ambacho rimu inaingia ndani au kutoka nje lazima vilingane na gari. Porsche wenyewe huidhinisha matairi kwa magari yao, na yaliyoidhinishwa huwa na herufi N na tarakimu ubavuni.

Lazima yawe manne. Kuna watu huweka mawili tu kwenye magurudumu yanayosukuma gari ili kuokoa pesa. Cayman inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukiweka ya baridi nyuma peke yake, litaondoka vizuri, kisha kwenye kona ya kwanza yenye barafu mbele itakataa kupinda. Wenye Subaru hapa mjini nao wasikie hili: magurudumu manne yanayosukuma hukusaidia kuondoka. Kusimama ni kazi ya breki na tairi, na gari zito lenye mwendo halijali injini inasukuma wapi.

Sheria ya Ujerumani haitaji tarehe. Inasema barabara ikiwa na theluji au barafu, matairi yawe ya baridi, na faini ya kawaida ni euro 60 pamoja na alama kwenye rekodi ya dereva. Wajerumani wenyewe wana kanuni ya mdomo: kuanzia Oktoba hadi Pasaka. Tangu Oktoba 2024 ni lazima tairi liwe na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S, yaani matope na theluji, peke yake haitoshi tena huko. Matairi ya kiangazi miezi hiyo hulala stoo, na asiye na stoo huyapeleka kwenye karakana zinazohifadhi matairi kwa ada. Huko huduma hiyo wanaiita hoteli ya matairi.

Je, ni gharama ya bure? Mwaka mzima gari linakanyaga kwa seti moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila seti inaishi karibu mara mbili. Pesa kubwa inayotoka mwanzoni ni ya rimu. Binamu angekuwa na gari jingine la kwenda kazini, ningemwambia aliegeshe Cayman hadi machipuko. Ujerumani kuna hata nambari za usajili za msimu, ambapo unalipia tu miezi unayoendesha. Lakini hilo ndilo gari lake la kila siku. Alinunua, na nadhani alifanya vyema.

Shangazi akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike: "Kama ni mazuri hivyo, mbona sisi hatuwekewi?"

Shangazi, sisi tunawekewa, bila kuulizwa.

Wapenzi wa Safari Rally, iliyorudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, wanajua kwamba madereva wale wale wanaopita vumbi la Naivasha hukimbia Sweden mwezi wa Februari wakiwa na matairi yenye misumari, karibu 400 kwa kila tairi. Zamani Wajapani wa mikoa ya baridi nao walitumia matairi ya misumari kwenye barabara za kawaida. Misumari ilisaga lami, na vumbi lake likawa kero kwa afya za watu katika miji kama Sendai, hadi sheria ya kuyazuia ikapitishwa mwaka 1990. Badala yake yakaenea matairi laini yasiyo na misumari. Ndiyo maana ubavuni utakuta neno STUDLESS, yaani bila misumari.

Magari mengi tunayoyapokea kupitia bandari ya Mombasa ni ya Japani yaliyotumika, yasiyozidi miaka 8 kwa mujibu wa kanuni zetu. Gari lililouzwa mnadani Japani mwezi wa Januari mara nyingi huondoka na viatu lilivyovaa. Linavuka bahari, linapanda hadi Nairobi, linaoshwa, linang'arishwa, linaegeshwa yadi. Mnunuzi anatazama meno ya tairi, anayaona marefu, anafurahi.

Mimi nilikuwa mnunuzi huyo. Subaru Impreza yangu niliitoa yadi moja mjini mwishoni mwa Februari, na muuzaji alinisifia matairi: "Haya hutagusa miaka mitatu." Mwezi wa Aprili, mvua ya masika ikinyesha, nilikuwa kwenye Southern Bypass kwa mwendo wa kawaida kabisa. Lori la mbele likapunguza mwendo. Nilikanyaga breki mapema, nikihisi gari linaelea, kama anayetembea na ndala kwenye sakafu ya sabuni. Lilisimama nusu hatua nyuma ya lori. Mke wangu hakusema neno hadi tulipofika nyumbani.

Kesho yake nilienda kwa fundi wa matairi Ngara. Hakupima chochote. Alibonyeza ukucha kwenye mpira, ukaingia. "Mkubwa, hili ni tairi la barafu," akasema. "Hapa utalipeleka wapi?"

Usiku wa Julai Nairobi huwa nyuzi 10 hadi 12 hivi, na mchana wa Februari lami inayochomwa na jua inaweza kufika nyuzi 50. Mpira uliotengenezwa kubaki laini chini ya sifuri, kwenye lami ya namna hiyo, unakuwa yale mafuta ya kopo ya Mombasa. Vile vijipasuo vinavyong'ata theluji hufanya meno yayumbe ukipinda na ukifunga breki, usukani unakuwa mzito wa kujibu, tairi linapata moto na kuisha upesi. Juu ya lami iliyolowa hali ni mbaya zaidi. Isitoshe, matairi mengi ya Kijapani ya aina hii yana herufi Q ubavuni, yaani kikomo cha kilomita 160 kwa saa. Tairi la gari la michezo huwa W au Y, 270 au 300. Hakuna anayepaswa kukimbia hivyo Thika Road, lakini herufi hiyo inaonyesha pia uwezo wa tairi kustahimili joto.

Ukienda yadi, inama usome ubavu wa tairi kabla ya kusikiliza redio ya gari. Tafuta mlima na chembe ya theluji, au neno STUDLESS au SNOW. Majina kama Blizzak, iceGUARD na Winter Maxx ni ya familia hiyo. Yote ni matairi mazuri sana kwao. M+S peke yake isikutishe, kwa sababu iko kwenye matairi mengi ya magari makubwa yanayofaa hapa. Kisha tafuta tarakimu nne mwishoni mwa msimbo unaoanza na DOT: 4518 maana yake ni wiki ya 45 ya mwaka 2018. Tairi la baridi lililozeeka limepoteza ule ulaini uliokuwa fahari yake, na la kiangazi halijawa. Yakiwa ni ya theluji, omba bei ipunguzwe kwa thamani ya matairi manne. Kwa Subaru yabadilishwe yote manne pamoja, ya saizi moja na aina moja, kwa sababu tofauti ya mzingo kati ya mbele na nyuma huumiza difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma.

Nilipolipia mapya, kijana mmoja aliyekuwa pale aliniomba yale ya zamani. Alikuwa na mteja wa Probox, na meno bado yalikuwa marefu. Nilimwomba fundi ayakate ubavu yote manne, nikasimama pale hadi alipomaliza la mwisho.