Tezi ya shingoni: tunayoambiana Nyanda za Juu Kusini, na ukweli wa kuipima limfoma

Kopo lilishuka na basi la kutoka Makete saa tano asubuhi, kifuniko kimezungushiwa plasta, jina la mgonjwa limeandikwa kwa wino ulioanza kuchuruzika. Ndani mlikuwa na tezi ya shingoni, kubwa kama kokwa la parachichi, imejaa kopo zima. Nilifungua, sikusikia harufu. Fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze kabla ya kupimwa, huchoma pua mpaka machozi yakutoke. Haya yalikuwa maji ya dripu. Tulipoikata, pembeni nyama ilikuwa bado na umbo lake, lakini katikati ilikuwa imelegea kama uji. Kijana wa watu akaitwa tena, akatwe mara ya pili.

Tangu siku hiyo, nikiulizwa kwa nini limfoma, ile ambayo wengi huiita saratani ya mitoki, inachelewa kujulikana huku kwetu Mbeya, Iringa na Njombe, sianzi na mashine tusizo nazo. Naanza na maneno tunayoambiana nyumbani, wodini, na hata sisi wahudumu wenyewe.

"Tezi shingoni ni TB, aanze dawa tu."

Dhana hii haikutoka hewani. Kifua kikuu cha tezi ni kingi, na mikoa yetu imo miongoni mwa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, hivyo TB haiko mbali na mtu. Tatizo ni kwamba limfoma nayo huja na homa, jasho la usiku linalolowesha shuka, na kukonda. VVU huongeza hatari ya yote mawili, na mtu mmoja anaweza kuwa nayo yote kwa pamoja. Tezi ya limfoma mara nyingi haiumi na ukiibonyeza ni kama mpira. Ya TB hupenda kushikamana na wenzake, kulainika, hata kupasuka na kutoa usaha. Lakini vidole peke yake havitoshi kuhukumu.

Kinachowezekana hata wilayani ni kuvuta majimaji ya tezi kwa sindano na kuyapitisha kwenye GeneXpert, mashine ya kutafuta vimelea vya TB, ambayo vituo vingi vinayo kwa ajili ya makohozi. Kipimo kikionyesha TB, atibiwe. Kisipoonyesha, sio ruhusa ya kuanza dawa kwa kubahatisha na kusubiri miezi sita. Na aliyekwisha kuanza dawa, tezi ikakataa kupungua au ikaongezeka, arudi aangaliwe upya. Ni kweli kwamba tezi ya TB yenyewe huweza kuvimba zaidi mwanzoni mwa matibabu, ndiyo maana anayeamua awe na kinyama mkononi, yaani nyama ya tezi iliyotolewa ili ipimwe, asiwe na matumaini tu.

"Chuma kikigusa uvimbe, saratani inasambaa."

Nimewasikia akina mama wakiwazuia watoto wao kwa neno hili, na siwalaumu. Wameona jirani akikatwa kisha akafa. Lakini jirani yule alifika ugonjwa ukiwa umeshakwenda mbali. Kisu kilikuta kazi imekwisha. Limfoma ni saratani ya chembe za kinga zinazosafiri mwilini kwa asili yake, na tiba yake kuu ni dawa zinazozunguka mwili mzima. Kutoa tezi moja ili ipimwe hakuienezi.

"Sindano inatosha, kwa nini wamkate?"

Sindano ni nzuri kwa kutafuta TB au saratani iliyotoka kwingine. Kwa limfoma nyingi haitoshi, kwa sababu huleta chembe zilizotawanyika, na daktari wa patholojia, anayesoma nyama kwa hadubini, anahitaji kuona jinsi zilivyojipanga ndani ya tezi. Tezi itolewe nzima inapowezekana. Ichaguliwe kubwa, na ikiwa ipo ya shingoni au juu ya mfupa wa mtulinga, ile ya kinenani iachwe, kwani ya kinenani huvimba hata kwa vidonda vya miguu.

"Bila maabara kubwa hakuna la kufanya."

Hapa ndipo ninapotaka nisikilizwe zaidi. Rangi mbili za kawaida za patholojia, hematoksilini na eosini, zinaonyesha mengi kwenye hadubini, zikiwemo zile chembe kubwa za Reed na Sternberg zinazoashiria Hodgkin, mojawapo ya aina za limfoma. Vipimo vya alama za chembe, kama CD20 na CD3, vinahitajika ili kuijua aina hasa na kuchagua dawa. Lakini kinyama kikishagandishwa kwenye nta, ile bloku haina haraka wala haihitaji friji. Inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya mpaka Dar es Salaam huku mgonjwa amebaki nyumbani.

Kisichoweza kurekebishwa popote, hata kwenye maabara ya mamilioni, ni kinyama kilichooza njiani. Fomalini ya dukani huchanganywa sehemu 1 kwa maji sehemu 9. Kopo liwe na mdomo mpana na dawa iwe mara 10 ya ujazo wa kinyama. Tezi ikishatolewa nzima, ipasuliwe kabla ya kutumbukizwa, kwa sababu fomalini hupenya kwa kiasi cha milimita 1 kwa saa, na katikati haisubiri. Jina liandikwe kwa penseli, ubavuni mwa kopo na sio kwenye kifuniko. Kwenye fomu iandikwe tezi ilianza lini, hali ya VVU, na dawa alizotumia.

"Mpe prednisoloni apumue kwanza."

Prednisoloni na dawa za jamii yake, za kutuliza uvimbe, huyeyusha limfoma kwa muda. Tezi inasinyaa, familia inashukuru, na kinyama kikichukuliwa wiki hiyo kinaweza kuonyesha chembe zilizokufa tu. Baadaye ugonjwa unarudi. Isipokuwa mgonjwa anakabwa pumzi, kinyama kitangulie.

Picha ya damu, kile kipimo cha chembe za damu, ikitoka safi, nayo isimtulize mtu. Limfoma nyingi hukaa kwenye tezi bila kuigusa damu.

"Taya la mtoto limevimba, ni jino."

Mtoto wa Kyela, kule kwenye malaria nyingi, akivimba taya au tumbo haraka, msimzungushe kwa waganga wala kwa wang'oa meno. Huenda ni limfoma aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 kutoka Uganda, ambayo huweza kujiongeza maradufu ndani ya siku 1 au 2. Kwa huyu sindano huweza kutosha kuanzia, na apelekwe siku hiyo hiyo.

Kinyama cha pili cha yule kijana kilikuja baada ya wiki tatu. Harufu ya fomalini ilinifikia kabla sijamaliza kubandua plasta. Majibu yalikuwa Hodgkin, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazopona vizuri kwa dawa, naye akaanza tiba akiwa bado anatembea kwa miguu yake.