Stroki na umri wa mishipa: tunayoambiana mtaani na ukweli wenyewe

Mtu wa miaka arobaini na kitu akidondoka na stroki (kiharusi), maneno ya kwanza utakayosikia ni "mbona bado kijana, hapa kuna mkono wa mtu". Kauli hii inaniuma sana kwasababu inafunga mjadala palepale, hakuna anayeuliza tena presha yake ilikuwa ngapi, na wadogo zake waliotoka tumbo moja wanarudi nyumbani bila kupima chochote.

Jamani, mwili una umri wa aina mbili. Kuna ule wa kwenye kitambulisho cha NIDA, na kuna umri wa kibaiolojia, yaani mwili wenyewe umechakaa kiasi gani. Huu wa pili wataalamu wanaukadiria kwa vitu kama presha, sukari, mafuta kwenye damu, kazi ya figo na mapafu, na wengine wanasoma alama za kikemikali zilizokaa juu ya DNA, kipimo cha namna hiyo, wanakiita "saa", cha mtafiti Steve Horvath kilitoka 2013. Mwaka 2023 watafiti wa chuo cha tiba cha Karolinska kule Sweden walichambua taarifa za watu zaidi ya laki tatu wa Uingereza, wakakuta yule ambaye mwili wake umemzidi umri wa kuzaliwa kwa miaka 5, hatari yake ya kupata stroki iko juu kwa kama asilimia 40. Kwahiyo "bado kijana" ni kijana kwenye karatasi, mishipa yake inaweza kuwa ya mzee.

Na mishipa ndo habari yenyewe hapa. Ule mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo ukiwa mzima unatanuka kila moyo ukipiga halafu unarudi, ndo unapunguza nguvu ya lile pigo. Miaka ikienda zile nyuzi zinazovutika zinakatika, nafasi yake inachukuliwa na nyuzi ngumu, sukari ikiwa juu muda mrefu inazikaza zaidi, sigara nayo inaharibu ukuta wa ndani, mwisho mshipa unakuwa kama mpira wa kumwagilia uliokaa juani miaka. Sasa pigo linafika na nguvu zake zote kwenye vile vimishipa vyembamba vya ndani kabisa ya ubongo, na vyenyewe vinaziba au vinapasuka. Hakuna kitu kinachoharakisha hayo yote kama presha isiyotibiwa, na huku kwetu Afrika stroki za mshipa kupasuka zinachukua sehemu kubwa kuliko Ulaya.

"Stroki ni ya wazee." Sikatai kwamba umri una nguvu, baada ya miaka 55 hatari inakaribia kuwa maradufu kila miaka kumi. Ila angalia utafiti uliofanyika hapahapa Tanzania kati ya 2003 na 2006, wilaya ya Hai kule Kilimanjaro, vijijini, na jijini Dar es Salaam, majibu yakatoka 2010. Hesabu zikishasawazishwa kwa umri, Hai ilikuwa na stroki mpya kama 109 kwa watu laki moja kwa mwaka, Dar 316. Karibu mara tatu! Na hapo umri umeshatolewa kwenye hesabu, kwahiyo huwezi kusema Dar ina wazee wengi, kuna kitu kingine kinachozeesha watu, na mimi jicho langu linaenda kwenye presha, kukaa kwenye kiti siku nzima na chumvi ya chipsi na supu.

"Presha ningekuwa nayo ningeisikia." Huisikii. Wengi wana presha ya 170 juu ya 100, ambayo iko juu sana, na wanapiga kazi kama kawaida, kichwa hakiumi, macho hayana shida, wanakuja kujua siku mkono umelegea.

Halafu kuna hii ya "dawa za presha zinaua figo, ukizianza huachi". Huwa inanikasirisha maana inaua watu, kinachoharibu figo kwa watu wengi ni presha yenyewe, dawa zinashusha ule mgandamizo ambao figo na ubongo vinaumia nao kwa pamoja, na presha ikishuka ukiwa unameza maana yake dawa inafanya kazi, sio kwamba umepona, ukitaka kupunguza au kubadilisha ongea na daktari.

Ile meseji inayosambazwa kwenye simu kwamba ukianza kuoga kichwani mishipa inapasuka, achana nayo, haina ushahidi. Na vile vidonge vya kwenye makopo vya "kurudisha ujana wa mishipa", hela hiyo nunua kipimo cha presha mkae nacho nyumbani.

"Uzee umeshaandikwa, utafanyaje." Kuna utafiti mkubwa wa nchi 32 uliotoka 2016, ulionyesha mambo kumi yanayoweza kurekebishwa yanahusika na kama asilimia 90 ya stroki, presha ikiwa ya kwanza. China nako, kwenye vijiji 600, watu walibadilishiwa chumvi ya kawaida wakapewa yenye sehemu ya potasiamu, stroki zikapungua kwa asilimia 14, chumvi tu hiyo (mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza, potasiamu inaweza kumdhuru).

Sasa siku ikitokea. Uso umepinda upande mmoja, mkono hauinuki, maneno hayaeleweki, usimchome sindano vidoleni, usimnyweshe maji maana yanaweza kuingia kwenye mapafu, wala usimpe aspirini kwasababu bila CT-skani, ile picha ya ndani ya ubongo, hakuna anayejua kama mshipa umeziba au umepasuka, na kama umepasuka aspirini inaweza kuzidisha damu kuvuja. Kariri saa dalili zilipoanza, ndo swali la kwanza hospitali, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze. Na dalili zikipotea zenyewe baada ya dakika kumi usishangilie ukasema tutaenda kesho, hiyo ni stroki ndogo ya onyo, na siku mbili zinazofuata ndo hatari ya ile kubwa inakuwa juu kabisa, mpeleke siku hiyohiyo hata kama anatembea na kuongea vizuri.