Mashine ya mionzi inapokaguliwa: maswali ambayo wagonjwa hutuuliza

Swali: Kolimeta ni nini?

Jibu: Ni sehemu ya kichwa cha mashine ya mionzi ya kutibu saratani, yenye vibamba vyembamba vya tangsteni (metali nzito), mara nyingi 120, ambavyo kila kimoja husogezwa na mota yake ili miali ichukue umbo la uvimbe na viungo vya jirani vikingwe. Mota huchakaa na vibamba hukwama, na kibamba kikikosea kwa milimita chache, ukingo wa uvimbe unaweza kukosa dozi, au uti wa mgongo ukapata dozi usiyostahili.

Swali: Hukaguliwaje?

Jibu: Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, hupimwa kiasi cha mionzi na mistari ya leza inayotuongoza kumlaza mgonjwa mahali sahihi. Katika jaribio la kila wiki, vibamba hupangwa vichore mistari myembamba kama nguzo za uzio, na kilichotoka kwenye safu huonekana kwa macho. Kila mwezi huhakikishwa kwamba vibamba vinasimama mahali vilipoagizwa, kwa tofauti isiyozidi milimita 1.

Swali: Mashine ikisimamishwa ili ikaguliwe, je, dozi niliyopata jana ilikuwa na kasoro?

Jibu: Kusimamishwa kwa ukaguzi pekee hakumaanishi hivyo; mashine ya kuogopwa ni ile isiyokaguliwa. Mwaka 2005, katika hospitali moja ya New York, kompyuta ilikwama wakati mpango mpya wa matibabu ukihifadhiwa, na mgonjwa wa saratani ya ulimi akatibiwa mara tatu vibamba vikiwa wazi kabisa. Jaribio ambalo lingegundua kosa hilo lilifanywa baada ya dozi ya tatu. Mgonjwa alifariki mwaka 2007.

Swali: Nimeambiwa nirudi kesho. Je, naweza kurudi wiki ijayo, maadamu mashine ina matatizo?

Jibu: Hapana. Kesho ni kesho. Tunawaona wagonjwa waliokosa siku moja kwa sababu ya ukaguzi, kisha wakajiongezea siku tisa nyumbani, na tunasikitika kwa sababu ukaguzi uliofanywa kwa ajili yao umegeuzwa kisingizio. Chembe za saratani zilizosalia huendelea kuzaliana wakati wa mapumziko hayo. Katika saratani ya shingo ya kizazi, matibabu yote yanapaswa kukamilika ndani ya wiki 8, na kila siku inayozidi hapo hupunguza uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa kwa takriban asilimia 1.

Swali: Hata kama maumivu yamekwisha na damu imekata?

Jibu: Hata hivyo. Nafuu si kupona. Rudi siku uliyopangiwa.

Swali: Na alama zilizochorwa kwenye ngozi ili nilazwe mahali sahihi?

Jibu: Usizisugue. Vibamba vikiwa sahihi kwa milimita 1 huku mgonjwa amelala pembeni kwa sentimita 1, tumefanya kazi bure. Zikififia, tuambie, usizichore mwenyewe.

Swali: Mashine ikikaa siku kadhaa bila kufanya kazi, nifanye nini?

Jibu: Acha namba ya simu inayopatikana, kisha uliza utahamishiwa mashine gani au siku zilizopotea zitafidiwaje. Daktari na mtaalamu wa fizikia tiba wanaweza kukupangia dozi ya Jumamosi, au dozi mbili katika siku moja, zikipishana kwa angalau saa 6, lakini hesabu hiyo hufanywa kwa mgonjwa anayepatikana. Aliyezima simu akasubiri ajisikie vizuri hatuwezi kumfidia chochote, na anaporudi mara nyingi tunalazimika kuuanza mpango wake upya, uvimbe ukiwa umekwishabadilika umbo.