Kabla ya Kununua Miwani: Teknolojia ya Makumbusho kwa Wageni Wenye Usonji

Kwa mara ya tatu mwaka huu nimeitwa kama mshauri kwenye kikao cha makumbusho, nikaonyeshwa miwani ya uhalisia pepe (ile inayofunika macho na kumwonyesha mtu mandhari ya kompyuta) iliyokwisha kununuliwa, kisha nikaulizwa itumikeje kwa wageni wenye usonji (autism), "maana hao hupenda mashine na hawataki kelele." Dhana zote mbili zimenichosha. Ya kwanza haihitaji maneno mengi: wapo wapendao mashine na wapo wasiozijali, na hata apendaye anaweza asivumilie kitu kizito, chenye joto, kinachombana usoni. Ya pili ndiyo inayoharibu kazi.

Vigezo vya utambuzi wa usonji vinavyotumika Marekani viliporekebishwa mwaka 2013, viliingiza rasmi tofauti za hisia, na viliziingiza kwa pande zote mbili: yuko anayeumizwa na sauti ambayo wewe huitambui, na yuko ambaye sauti, mwanga au mguso wa kawaida haumtoshi, naye hutafuta zaidi. Mtu mmoja anaweza kuwa huyu na yule kwa siku moja, akaziba masikio kengele ya lifti inapolia, kisha akasimama dakika ishirini mbele ya injini ya mvuke kwa sababu ngurumo yake ni ya mfululizo na anajua haitabadilika. Nimeshuhudia familia ikipita salama katika ukumbi wenye zogo la wanafunzi, kisha ziara yote ikavunjikia chooni, ambako kikausha mikono kiliwaka chenyewe kijana wao alipopita karibu nacho. Sauti ya kile kikausha ilikuwa kubwa, sikatai, lakini zogo la ukumbini lilimkuta amejiandaa, na kikausha kilimkuta hana habari.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya teknolojia hufanyika nyumbani, kabla ya tiketi. Makumbusho ya Field mjini Chicago yalitoa programu ya simu iitwayo Field for All, iliyotengenezwa na kampuni ya Infiniteach, ambayo humwezesha mgeni kuzifahamu kumbi kwa picha na maelezo mafupi, kuona kwenye ramani mahali palipo na zogo na palipotulia, na kujipangia ziara yake. Fikiria familia ya Kikenya inayokwenda huko kuwatazama simba wawili wa Tsavo, waliouawa mwaka 1898 na kununuliwa na makumbusho hayo katika miaka ya 1920. Mtoto anahitaji kujua mapema kwamba simba wale hawangurumi wala hawasogei, na kwamba kwenye ukumbi mkuu, wenye mwangwi na watu wengi, atakuta umbo la mifupa ya dinosaria lenye urefu wa takribani mita 37. Akiyajua hayo siku moja au mbili kabla, huenda akaufurahia hata mwangwi.

Maelezo ya namna hii yana asili katika hadithi za kijamii, yaani masimulizi mafupi yanayomweleza mtu mapema atakayoyakuta mahali fulani, alizozianzisha mwalimu Carol Gray wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tafiti zilizozipima zimetoa matokeo yasiyolingana, nami huwaambia wateja wangu wazi kwamba ninaendelea kuandika hadithi hizi kwa sababu wazazi huzisoma na kurudi, wala sidai kwamba ushahidi wake umekamilika.

Vipokea sauti vya masikioni vinavyofuta kelele kwa umeme hufaa kwa mngurumo wa kiyoyozi, lakini mlio wa ghafla huvipita. Wekeni mlangoni vifuniko vya masikio vya kawaida, visivyo vya umeme. Saa maalumu za utulivu asubuhi, kama zile za Makumbusho ya Sayansi ya London kwa familia, ni jambo jema, ila hazimfai mtu mzima mwenye usonji anayekuja peke yake Jumanne mchana.

Shaka yangu kubwa inahusu ramani za hisia, yaani zinazoonyesha mahali penye kelele na palipotulia, ambazo ndizo riziki yangu. Kipimo cha sauti hunipa wastani, na wastani huficha kishindo kimoja cha kila baada ya dakika kumi. Tena ramani niliyoipima siku tulivu huwa si kweli siku mabasi ya shule yanapofika. Nimefikia kuamini kwamba ramani iliyopitwa na wakati ni mbaya kuliko kukosa ramani, kwa kuwa mgeni aliyeiamini, akakuta chumba cha utulivu kimegeuzwa stoo, ameshtukizwa na kitu kilekile kilichoahidi kumlinda.

Kikao kile nilikijibu kwamba miwani irudishwe dukani kama bado inapokelewa, fedha zake zimlipe mfanyakazi wa kuihakiki ramani kila Jumatatu, na chooni ziwekwe taulo za karatasi. Taulo ziliwekwa wiki iliyofuata. Mfanyakazi wa ramani bado hajaajiriwa, na nitaendelea kuwaandikia.