Mikopo ya Halmashauri na Uchumi wa Vijiji vya Ziwa Victoria: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Katika mialo, yaani maegesho ya mitumbwi ya wavuvi, ya Ukerewe, Sengerema na Magu mkoani Mwanza, hakuna dhana iliyoota mizizi kama ile inayodai kwamba mikopo ya asilimia 10 ni zawadi ya mbunge au diwani, na kwa hiyo asiyerejesha hana deni na mtu. Ukweli ni kwamba mikopo hiyo imewekwa na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, ambayo tangu mwaka 2018 inailazimu kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Haitozwi riba, lakini ni mkopo, na marejesho yake ndiyo yanayokopeshwa kikundi kinachofuata.

Neno "mapato ya ndani" lastahili kutazamwa kwa makini, maana wengi hudhani fedha hizo hutoka Dodoma. Mchuuzi anayepakia magunia ya dagaa mwaloni hulipa ushuru, akakatiwa stakabadhi ya mashine, na ushuru huo, pamoja na ule wa pamba, leseni za biashara na masoko, ndio unaojaza mfuko ambao asilimia 10 hutengwa. Kikundi kisichorejesha kimekula jasho la mchuuzi huyo na la jirani zake. Ndiyo maana pia kiasi kinachotengwa hutofautiana mno kati ya halmashauri ya jiji na ya visiwani: samaki wakipungua, mfuko nao hupungua.

Wengine husema kwamba bila mtu wa kukushika mkono ofisini hupati kitu. Ni lazima nikiri kwamba dhana hii haikuzuka hewani. Ukaguzi wa hesabu za serikali ulibaini vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, na mwezi Aprili 2023 Serikali ilisimamisha utoaji wa mikopo hiyo hadi utaratibu mpya ulipoanza kutumika mwaka 2024. Hata hivyo, kinachotakiwa kinajulikana: kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi, kinachopita kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kabla ya kufika halmashauri. Kikundi kinachonyimwa kina haki ya kuelezwa sababu, na binafsi naona vikundi vingi mno hukata tamaa kabla hata ya kuiuliza.

Dhana inayowaumiza wakopaji wenyewe kuliko zote ni kwamba mtaji ukipatikana biashara itasimama. Biashara ya dagaa hufuata mwezi wa angani. Wavuvi huwavuta dagaa kwa mwanga wa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi hupumzika, hivyo kina mama wanaoanika hukaa siku kadhaa bila mzigo. Mvua ikinyesha mfululizo, dagaa walioanikwa chini huoza au hujaa mchanga na kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku, ilhali wale wa juu ya vichanja hukauka safi na kupata bei ya chakula cha binadamu. Kikundi kinachotumia sehemu ya mkopo kujenga vichanja, na kinachopanga marejesho yake kwa kuhesabu siku za mbalamwezi, kina nafasi kubwa zaidi ya kulipa kuliko kinachonunua mzigo mkubwa kwa mara moja. Maafisa wanaopitia maandiko wangefaa kuuliza habari hizi kwanza.

Kuhusu TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaozisaidia kaya maskini, husemwa kwamba inalea uvivu. Mpango wake wa kunusuru kaya maskini huiwekea masharti kaya yenye watoto, yaani shule na kliniki, na wenye uwezo wa kufanya kazi hulipwa ujira katika ajira za muda kama kuchimba malambo na kutengeneza barabara za kijiji. Kaya zenyewe huanza kutajwa mbele ya wanakijiji, kisha huhakikiwa.

Umeme wa REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini, nao si wa bure. Shilingi 27,000 ni gharama ya kuunganishiwa. Kutandaza nyaya ndani ya nyumba ni juu ya mwenye nyumba.

Vizimba vya samaki huonekana kuwa mradi wa matajiri wa mjini pekee. Mwezi Januari 2024, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi vizimba na boti za kisasa kwa vyama vya ushirika, vikundi na watu binafsi, kwa mikopo isiyo na riba kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo. Mlango uko wazi, ila chakula cha samaki hula zaidi ya nusu ya gharama za uendeshaji, na sato huchukua miezi kadhaa kabla ya kuuzika. Kikundi kisicho na akiba ya kununulia chakula katika miezi hiyo kitabaki na kizimba chenye samaki waliodumaa.

Kuna wanaouona mkutano mkuu wa kijiji kuwa ni siasa tupu, wakaenda ziwani au shambani siku hiyo. Mkutano huo hupaswa kuitishwa walau kila baada ya miezi mitatu, kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake, na ndipo mapato na matumizi ya kijiji husomwa. Hapo pia mwanakijiji anaweza kumwomba mtendaji ataje, mbele ya wote, ni vikundi vipi vya kijijini vimekopeshwa, kiasi gani, na marejesho yamefikia wapi.