“Ticha, mbona anacheza tu?”

Wiki iliyopita mama mmoja alinisubiri getini, na geti lenyewe ni kamba tu tuliyoifunga kutoka kwenye mwembe mpaka kwenye mkorosho, akanifungulia daftari la mwanae jeupe kabisa, akasema ticha samahani, mtoto wa jirani yangu yuko bebi klasi, ana miaka mitatu na nusu, anaandika mpaka ishirini, huyu wangu kila siku ananirudia na mchanga masikioni. Sikubishana naye. Nilimwambia mama, kesho ukipata nusu saa njoo ukae hapa kwenye mkeka, usimsemeshe, uangalie mikono yake tu.

Kikundi chetu kiko huku Mbagala, watoto wa miaka 3 mpaka 5, kwenye kiwanja ambacho mzee mmoja wa mtaani ameamua kutokijenga ili watoto wapate pa kukimbilia. Hatuna bembea za plastiki. Tuna mchanga, vifuu, makumbi, vipande vya mbao anavyotutunzia fundi selemala, mbegu za ukwaju na za ubuyu, na udongo wa kichuguu maana ule wa hapa kwetu ni kichanga, haushikani.

Kabla ya hapa niliwahi kufundisha sehemu ambayo watoto wa miaka mitatu walikaa kwenye madawati kuanzia saa mbili mpaka saa sita wakinakili a e i o u, na kipindi hicho niliamini kabisa ndio kazi nzuri. Kilichonibadilisha ni mikono yao. Mtoto akizaliwa vile vifupa vya kwenye kifundo cha mkono bado ni gegedu, vinageuka mfupa kimoja kimoja mwaka hadi mwaka, na hata akifika darasa la tatu kazi hiyo haijaisha. Sasa wewe unampa penseli, anaikamata kwa ngumi, anaisukuma kwa bega zima, karatasi inachanika, anapigwa kofi, anaanza kuichukia shule akiwa hajaianza! Mkono huohuo mpe udongo wa kichuguu aukande, mpe kitambaa akikamue, mpe mbegu za ukwaju aziokote moja moja kwa kidole gumba na cha shahada, mpe ukili ajaribu kusuka na bibi yetu anayekuja kila Alhamisi. Hapo ndio anajifunza kuandika, ila daftarini hutaona kitu.

Basi yule mama akaja kweli, akakaa.

Siku hiyo binti yake na kijana mmoja walikuwa wanajaza ndoo ndogo mbili, maji wanachota kwa vifuu kutoka kwenye beseni kama hatua kumi hivi. Nazi ina macho matatu na moja ndio laini, kifuu cha binti kilikuwa kimetoboka palepale kwenye jicho. Anachota, anakimbia, akifika maji yameisha nusu. Mara ya tatu akasimama, akakiinua juu akakichungulia kwa chini, akasema, “Changu kinalia.” Mwalimu mwenye haraka hapo angempa kifuu kingine. Mimi nikamuuliza, kinalilia wapi? Akatafuta, akaziba kwa jani la mwembe, likatoka. Akaenda mwenyewe kwenye udongo wa kichuguu, akafinyanga kidonge, akaziba, akachota safari tatu vizuri, ya nne udongo ukalowa ukawa tepetepe ukaanguka. Akanuna kidogo. Alafu akatia kidole chake kwa chini, akaanza kutembea taratibu, macho hayatoki kwenye kifuu. Ndoo ilipojaa akamgeukia mwenzie, “mimi nimechota kumi na nne, wewe tisa, mimi nyingi kwa sababu changu kililia.” Sikumfundisha mimi hiyo hesabu. Mama yake alikuwa amejishika shavu.

Nisieleweke vibaya, sisemi mwalimu akae pembeni achezee simu watoto wajilee. Hii kazi inachosha kuliko ya ubaoni. Inabidi umwone mtoto yuko wapi, ujue lini uulize na lini unyamaze, na uwe na maneno tayari: kimejaa pomoni, kinachuruzika, kizito, chepesi, nusu, kuzidi, kupungua. Mtoto akilisikia neno wakati kitu chenyewe kiko mkononi halimtoki. Akija kulikuta kwenye kitabu darasa la kwanza analijua tayari, anamalizia kulisoma tu, na mimi naamini watoto wengi wanaokwama kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, wamekwamia kwenye maneno kabla ya herufi.

Kuna wanaoniambia haya mambo mageni, wengine wanasema ya maskini wasio na ada. Lakini si ya jana. Huko Ujerumani, mwalimu Friedrich Fröbel mwaka 1840 alipotafuta jina la sehemu yake ya kulea watoto aliiita bustani ya watoto, na watoto walilima vijishamba vyao kweli. London mwaka 1914 dada wawili, Rachel na Margaret McMillan, walifungua shule ya wadogo ya nje nje pale Deptford, mtaa wa watu wa kipato cha chini, kwa sababu watoto walikuwa wanaugua kwa kukosa hewa na jua. Na kwetu sisi mchezo wa mdako nani kauleta? Unarusha kete juu, unachota shimoni, unarudisha unabakisha moja, duru ijayo unabakisha mbili, ile ni kutoa kabisa na jicho linafanya kazi pamoja na mkono. Hata serikali kwenye ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, PJT-MMMAM, iliyozinduliwa Desemba 2021, fursa za ujifunzaji wa awali zimewekwa pamoja na afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, yaani ni kifurushi kimoja, huwezi kuchukua daftari ukaacha mengine.

Tena hapo kwenye usalama niseme kidogo, wazazi mna haki ya kuuliza. Kila asubuhi kabla hawajafika tunapekua mchanga kwa reki, chupa, misumari, chochote, na usiku tunaufunika turubai kwa ajili ya paka maana kinyesi chao kina minyoo. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya uji, hapo hakuna mjadala. Korosho mbichi hawazichezei, ganda lake lina mafuta yanaunguza ngozi. Majimoto, wale chungu wekundu wanaouma, kwenye mwembe wanayajua, wanajionyesha wenyewe tawi gani lina kiota.

Na vifuu vyote jioni vinafudikizwa. Mbu wa dengue anauma mchana na anataga kwenye maji kidogo tu, na Dar tumeugua dengue vya kutosha, 2014 na tena 2019. Kwa hiyo kufunga siku ni kuhesabu vifuu, vipo 24. Juzi baada ya mvua vikatoka 23, tukazunguka kiwanja kizima mpaka mmoja akakiona nyuma ya mkorosho kina maji. Wakakataa nisimwage kwanza. Wote wakachuchumaa, vichwa vimegusana, wakaangalia viluwiluwi vya mbu vinavyojinyonganyonga, mmoja akauliza kama vina macho, tukatazama mpaka tukayaona. Alafu wakavimwaga wenyewe kwenye mchanga mkavu, na yule binti wa kifuu kinacholia akakifudikiza akasema, “ishirini na nne.”